Homa ya Baada ya Sindano: Maneno kwa Mahujaji wa Lamu na Jamaa Zao

Hotuba iliyotolewa mjini Lamu katika mkutano wa kuwaandaa mahujaji

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikhe wetu, walimu, wazee wetu na mama zetu mlionuia Hijja mwaka huu, na nyinyi jamaa mliokuja pamoja nao, shikamooni. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awatakabalie. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa chumba cha chanjo. Nimeombwa niwaeleze faida za chanjo ya homa ya mafua. Nitazieleza, lakini sitaanza nazo. Nitaanza na maneno yanayosemwa madakani na ndani ya maboti watu wakishatoka kuchanjwa: "Nilikwenda mzima, nimerudi mgonjwa."

Maneno hayo tunayajua sote. Mtu kadungwa asubuhi. Ikifika alasiri mkono umekuwa mzito. Usiku viungo vinauma, kichwa kinagonga, mwili una joto na chakula hakipiti. Asubuhi mwanawe anamkuta kajifunika shuka ilhali jua limeshawaka, anamwambia, "Mama, si tulikwambia usidungwe?" Kufikia adhuhuri Langoni imejua, Mkomani imejua, na Shela habari imefika. Kisha mama huyo anarudi alikochanjwa kuuliza, na jibu analopewa ni, "Hiyo si kitu, ni wasiwasi wako tu."

Jibu hilo linaniuma. Mtu aliyekesha na homa anajua kuwa alikuwa na homa. Ukimkanusha, homa yake itapoa kesho lakini imani yake kwako haitarudi. Mwakani hatakuja, wala hatawaleta wajukuu wake kwa chanjo ya surua. Mtu ana haki ya kuambiwa mapema, kabla mkono haujapakwa spiriti, ni nini huenda kikampata, kitachukua muda gani, na dalili ipi ikitokea asingoje hata kidogo. Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema.

Basi, ndiyo: chanjo ya mafua inaweza kukufanya ujihisi vibaya. Kinachowapata wengi zaidi ni maumivu pale ilipoingia sindano, pengine na wekundu na uvimbe kidogo. Wengine hupata homa ndogo, uchovu, maumivu ya misuli, kichwa au kichefuchefu. Huanza siku ile ile au usiku wake, na kwa kawaida baada ya siku moja au mbili huwa yamekwisha.

Naomba mnivumilie nieleze yanatoka wapi, maana anayejua sababu haogopi bure. Dawa iliyomo kwenye sindano ina vipande vya virusi vya mafua, hasa zile protini zilizokaa juu ya ganda lake. Zinapoingia kwenye msuli wa bega, chembechembe za ulinzi zilizopo hapo huzitambua kuwa ni ngeni, na hutoa kemikali za kuwaita wenzao. Mishipa midogo ya damu hutanuka, maji huvuja kuingia nyamani, mkono hufura na kuuma. Baadhi ya kemikali hizo husafiri na damu hadi ubongoni, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hupandisha kiwango chake. Hapo ndipo mtu anapotetemeka kwa baridi katikati ya joto la kaskazi. Wakati huo huo vile vipande hupelekwa kwenye tezi za kwapani, na wengine huzihisi zimevimba. Huko tezini ndiko kingamwili, zile silaha za mwili za kupigana na virusi, zinakotengenezwa, kazi inayochukua kama wiki 2 kukamilika.

Kwa hivyo homa ya usiku ule imetoka ndani mwako mwenyewe. Ni mwili wako ulioanza kazi. Lakini sitaki mtu aondoke hapa akiamini kwamba asiyeumwa hakuchanjika. Wapo wengi ambao hawahisi lolote zaidi ya mkono kuuma kidogo, na kinga wanaipata vilevile. Vijana hulalamika zaidi kuliko wazee, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Miili haikuumbwa sawa.

Je, sindano hiyo inaweza kukupa homa ya mafua yenyewe? Haiwezi. Chanjo nyingi za mafua hutengenezwa kwa kukuza virusi ndani ya mayai ya kuku, njia iliyoanza kutumika miaka ya 1940, kisha virusi hivyo huuliwa kwa dawa na kupasuliwa vipande. Ufuta uliokaangwa ukiupanda hauoti, hata udongo uwe mzuri vipi, na virusi vilivyouliwa haviwezi kuzaana mwilini mwako. Ipo chanjo ya aina nyingine, ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo huweza kuleta makamasi na koo kuwasha. Mimi nazungumzia ya sindano.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia ya uadilifu mkubwa. Waliwachukua watu wazima, wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu mawili. Fungu moja wakadungwa chanjo ya mafua, na fungu la pili wakadungwa maji ya chumvi. Aliyedungwa hakujua amepewa nini. Siku zilizofuata wote waliulizwa wamejihisi vipi. Maumivu ya mkono na wekundu yalikuwa mengi zaidi kwa waliopata chanjo, hilo lilionekana wazi. Lakini homa, kikohozi, makamasi, maumivu ya koo na maumivu ya mwili hayakutofautiana: waliopata maji ya chumvi waliyalalamikia kwa kiasi kile kile.

Yatafakarini matokeo hayo. Hayasemi kwamba hakuna anayepata homa kwa sababu ya chanjo. Wapo, na zaidi ni watoto ambao miili yao haijawahi kukutana na virusi hivi. Wala hayasemi kwamba wale wa maji ya chumvi walidanganya, waliumwa kweli. Yanachosema ni kwamba katika kundi lolote la watu, ukiwauliza kwa siku kadhaa, utawakuta wenye kichwa, wenye uchovu, wenye koo, hata kama hukuwagusa. Sindano inawekwa katikati ya maisha ambayo tayari yana magonjwa yake.

Na maisha ya pwani yetu yana magonjwa mengi. Wazee wa kisiwa hiki hawahitaji kufundishwa homa ni nini. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ilipita hapa Lamu, na utafiti wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 kisiwani waliambukizwa. Watu walishindwa kushika kikombe cha chai. Watu walishindwa kurukuu. Tunayo malaria. Homa ya dengi imeshazuka zaidi ya mara moja katika pwani hii. Kwa hivyo nasikitika ninapomwona mtu ana homa siku ya tatu, siku ya nne, na nyumbani wanasema, "Ni ile sindano, itapoa." Homa ikizidi siku 2 baada ya chanjo, isiachiwe sindano. Njooni mpimwe damu. Nina hofu zaidi na mgonjwa wa malaria aliyelazwa nyumbani kwa kusingiziwa chanjo kuliko na chanjo yenyewe.

Kuna wanaoniambia, "Mimi sikupata homa ya usiku mmoja, niliugua mafua makali wiki nzima, na nilikuwa nimechanjwa." Nawaamini. Hilo huwezekana, na njia zake ni nyingi. Kinga huchukua wiki 2, na virusi vya mafua huchukua siku 1 hadi 4 tangu kukuingia hadi kukuangusha. Mtu aliyekaa kwenye boti jirani na mwenye kukohoa Jumatatu, akachanjwa Jumanne, ataugua Jumatano, na atailaumu Jumanne. Tena pale pale penye foleni ya chanjo kuna wagonjwa waliokuja kutibiwa kifua. Virusi vinavyoleta makamasi na kikohozi pia ni vya aina nyingi mno, na chanjo hii inakinga dhidi ya virusi vya homa ya mafua tu. Na mwisho, niseme wazi, chanjo yenyewe haikingi kwa asilimia 100. Katika miaka ambayo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumlazimu mtu kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Virusi vya mafua hubadilika, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hukusanya wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa za kusini, kuamua chanjo ijayo iwe na virusi gani. Huwa wanakisia kwa ushahidi, na kisio huweza kukosea. Anayekuuzia chanjo hii kama ngao isiyopenya hakutendei haki.

Sasa nije kwenye mambo mazito, maana nimeahidi kutoficha.

La kwanza ni mzio mkali. Hutokea kwa takriban mtu 1 katika kila dozi milioni moja, kwa hivyo muuguzi anaweza kumaliza kazi yake yote asilione. Lakini likitokea huja upesi, aghalabu ndani ya dakika chache. Midomo na uso huvimba, ngozi hutoka vipele vya kuwasha mwili mzima, sauti hukwama, pumzi hubana, presha hushuka na mtu huanguka. Dawa yake ni adrenalini, nayo huwekwa tayari chumbani. Ndiyo maana tunawaambia mkae dakika 15 baada ya kudungwa. Najua mnavyoona: boti la Faza linaondoka, mwenye punda anangoja, futari haijapikwa. Kaeni. Dakika hizo 15 ukiwa hatua chache kutoka kwenye adrenalini si sawa na dakika 15 ukiwa katikati ya mkondo, na nahodha hana la kukusaidia. Msimamizi wa kundi aliye hapa na anisikie: boti lipangwe kuondoka baada ya mtu wa mwisho kukaa dakika zake.

Mtu kuzirai kwa hofu ya sindano ni jambo jingine, nalo hutokea zaidi, hasa kwa vijana. Mlaze, mwinulie miguu, atarudi. Kuzirai huko hakuvimbishi uso wala hakuzibi pumzi.

La pili ni ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili huishambulia mishipa ya fahamu, na mtu huanza kwa ganzi na udhaifu wa miguu unaopanda juu. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu zaidi ya milioni 40 kwa haraka, kwa hofu ya mafua ya nguruwe ambayo mwishowe hayakusambaa. Ikaonekana ugonjwa huu umeongezeka, takriban mtu 1 zaidi kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, na Desemba mwaka huo huo kampeni ikasimamishwa. Tangu hapo chanjo za mafua zimefuatiliwa kwa makini. Panapoonekana ongezeko siku hizi, hukadiriwa kuwa mtu 1 au 2 kwa kila watu milioni moja. Kuugua mafua yenyewe huleta ugonjwa huo huo, na mara nyingi zaidi kuliko chanjo. Nimewatajia ya 1976 kwa sababu mtakutana nayo kwenye simu zenu, ikiwa imekatwa nusu. Mzee ambaye amewahi kupata ugonjwa huu ndani ya wiki 6 baada ya chanjo ya mafua, asidungwe tena kabla ya kuzungumza na daktari. Mtu yeyote anayehisi miguu inaishiwa nguvu siku au wiki baada ya kuchanjwa, aje hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni dogo lakini linazuilika kabisa, na linawahusu zaidi mama zetu. Sindano ikidungwa juu mno, karibu na kiungo cha bega badala ya kwenye msuli, huweza kuumiza kiungo hicho, na mtu akakaa miezi mkono hauinuki. Hutokea pale nguo inapovutwa kutoka shingoni, bega likatokeza nusu tu, na muuguzi akadunga panapoonekana. Mama zangu, vaeni nguo yenye mkono mpana chini ya buibui, muweze kuupandisha hadi juu bila kuivuta shingo. Ombeni pazia. Ombeni mwanamke awadunge. Hiyo ni haki yenu, na hakuna muuguzi mwenye adabu atakayechukia kuombwa. Kaeni chini, mkono ulegee, na muuguzi naye akae, asidunge akiwa amesimama.

Yai halina neno tena. Zamani tuliwakatalia wenye mzio wa mayai. Ushahidi umekusanywa miaka mingi, na leo nchi zenye wataalamu wakubwa wa chanjo zinasema wachanjwe kama watu wengine. Aliyewahi kupata mzio mkali kutokana na chanjo ya mafua yenyewe, huyo asidungwe. Na mwenye homa kali siku hiyo aahirishe mpaka apone, ili tusije tukachanganya ugonjwa wake na chanjo.

Wengi mmeniuliza pembeni kuhusu nguruwe, na nafurahi mmeuliza. Ile chanjo ya kupulizia puani ina jelatini ya nguruwe. Za sindano nyingi hazina. Kila chanjo ina karatasi yake inayoeleza vilivyomo. Mwambieni muuguzi awasomee kabla ya kuifungua. Na mtu aliyefunga asihofu kwamba sindano ya msulini imemfunguza: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha mwaka 1997 kwamba sindano zisizo za lishe hazifunguzi, na masheikhe waliokaa hapa mbele watawafafanulia kuliko mimi. Kwa upande wa uuguzi nina ushauri mmoja tu: ukiwa umefunga, chanjwa jioni uwe karibu na futari, ili usiku mwili ukiuma upate maji na dawa.

Nimetaja Korea Kusini? Sijataja, nami sitaki kuiacha, maana inafanana na mitaa yetu. Oktoba 2020 vyombo vya habari vya huko vilianza kutangaza vifo vya watu waliokuwa wamechanjwa mafua siku chache kabla. Leo mmoja, kesho watano, hofu ikaenea nchi nzima na watu wakaacha kwenda kuchanjwa. Wataalamu wakavichunguza vifo vile kimoja kimoja, wakapitia magonjwa waliyokuwa nayo marehemu, na hawakukuta kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Wengi walikuwa wazee wenye maradhi ya muda mrefu. Nchi inapochanja mamilioni ya wazee kwa wiki chache, baadhi yao wangefariki wiki hizo hizo bila chanjo yoyote, kwa sababu wazee wanafariki kila wiki. Ni jambo chungu kulisema mbele ya wafiwa, na halisemwi mpaka uchunguzi ufanywe. Korea walichunguza kwanza, wakasema baadaye. Mpangilio huo ndio ninaoutaka hapa kwetu.

Ndiyo sababu sasa nawageukia wauguzi wenzangu mliokaa kule nyuma. Mtu akija kusema aliumwa baada ya chanjo, mpe kiti. Muulize alichanjwa saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, ana maradhi gani, anatumia dawa gani. Mpime joto, mpime malaria. Andika. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu inayopokea taarifa za madhara yaliyotokea baada ya chanjo, na taarifa hiyo haihitaji uwe na uhakika kwamba chanjo ndiyo sababu. Inatosha kwamba kimetokea baada yake. Wao watakusanya na kulinganisha na ya kaunti nyingine. Taarifa isiyoandikwa ndiyo inayogeuka uvumi, na uvumi hausubiri kibali kupanda boti kwenda Kizingitini.

Na sasa lile nililoombwa. Kwa nini mtu akubali usiku mmoja wa mwili kuuma?

Kwa sababu ya mahali mnakokwenda. Mwaka 2024 mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8, kutoka karibu kila pembe ya dunia, wakiwa wamelala bega kwa bega kwenye mahema ya Mina na kukanyagana visigino katika tawafu. Kila mmoja kaja na virusi vya kwao. Nani hapa hajaenda kumlaki haji akamkuta amerudi na kikohozi cha wiki mbili? Kijana atakohoa na atapona. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, mwenye sukari, mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mama mjamzito, hao mafua huwashukia mapafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa maradhi ya kifua peke yake. Nao moyo hauachwi: utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na mafua, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo uliongezeka takriban mara 6. Mzee wa presha aliyeweka akiba miaka mingi kwa safari hii, akaangukia kitandani siku ya Arafa: hilo ndilo ninalolipima na mkono uliovimba.

Saudi Arabia inailazimisha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo huwekwa angalau siku 10 kabla ya kuingia nchini mwao. Ya mafua wanaihimiza. Hapa kwetu haimo kwenye orodha ya chanjo za bure za watoto, kwa hivyo wengi hulazimika kuilipia, na naomba vikundi vya mahujaji viiweke kwenye hesabu za safari badala ya kumwachia mzee aamue peke yake siku ya mwisho. Mnaweza kudungwa zote mbili siku moja, moja kila mkono. Mikono yote miwili itauma, kwa hivyo mpange mtu wa kuwachotea maji kesho yake.

Mkifika nyumbani, uchezesheni mkono, msiufunge wala kuulaza. Wekeni kitambaa kilichochovywa maji baridi pale panapouma. Kunyweni maji, madafu, uji. Homa ikisumbua, mtu mzima ameze parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, apite saa 6 kabla ya kurudia, wala asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Mwenye ini bovu aulize kwanza. Wenye presha, figo au vidonda vya tumbo, msikimbilie vile vidonge vikali vya maumivu vinavyouzwa dukani bila kuuliza. Mwenye sukari apime sukari yake siku hiyo na ya pili, maana homa huipandisha. Watoto wasipewe aspirini.

Mahujaji wa Faza, Siyu, Pate na Kizingitini, msije wiki ya safari. Njooni wiki 3 au 4 kabla, ili kinga iwahi na homa, ikija, iwakute kwenu, penye kitanda chenu na watu wenu. Mje asubuhi, mje wawili wawili, na kila mtu abebe karatasi ya dawa anazotumia. Mkimaliza, kaeni kwenye kile kibaraza cha kivulini mpaka muuguzi awaruhusu. Kadi ya chanjo isomeni kabla ya kuondoka, muhakikishe jina la chanjo na tarehe vimeandikwa. Ikiwa usiku huo pumzi itabana au uso utavimba, msingoje kuche. Mwamsheni mwenye boti.

Waliokuwa na maswali naomba waanze mama, maana wao ndio wanaokaa na wagonjwa. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.